Barua kwa mwanangu: Kiingereza cha demani na amari

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Amu (Lamu) hatujambo, na upepo wa kaskazi umeshaanza.

Umeniuliza habari ya misemo ya Kiingereza ambayo kila neno lake unalijua, ila yakikaa pamoja hupati maana. Usiifasiri neno kwa neno. Tazama kwanza msemo umezaliwa katika kazi gani. Mingi imezaliwa baharini, na huko wewe si mgeni.

Chukua "three sheets to the wind", yaani kulewa chakari. Wengi hudhani "sheet" ni shuka, au tanga lenyewe. Siyo. Ni demani, kamba ishikayo pembe ya tanga. Merikebu za Waingereza zilikuwa na matanga mengi, kila moja na demani zake. Demani ikifyatuka, tanga hupigapiga ovyo na chombo huyumba. Zikifyatuka tatu, ndiyo hali ya mlevi.

"By and large" ni kusema kwa jumla. "By" ni kwenda joshi, omo, yaani mbele ya chombo, ikiukabili upepo kwa karibu. "Large" ni upepo kutoka nyuma. Chombo kiendacho vyema hivi na vile ni kizuri kwa jumla.

"To the bitter end", hadi mwisho kabisa, asili yake kwa mabaharia haikuwa uchungu. Nahodha Mwingereza John Smith aliandika mwaka 1627 kwamba "bitter" ni mzingo wa amari, kamba ya nanga, kwenye vigingi vya sitaha. Ncha ya amari inayobaki chomboni ndiyo mwisho wake: ikifika hapo, huna tena kamba ya kuiachia nanga.

"Under the weather" ni kujisikia vibaya kidogo: mafua, kichwa kuuma. Aliyelazwa kwa maradhi mazito usimwambie hivyo, utaonekana unayadharau.

"Kick the bucket" ndiko kukata kamba kwetu. Hakuna aendaye msibani akasema marehemu amekata kamba! Kwa wafiwa tumia "passed away". Tena msemo huu haugeuzwi umbo. Ukisema "the bucket was kicked", kifo kimetoka, imebaki ndoo iliyopigwa teke.

"Break a leg" ni kumtakia heri anayepanda jukwaani, basi. Usimwambie mgeni anayeshuka mashuani.

Uangalie sana "to table". Mwingereza akisema hoja iwe "tabled", anataka ijadiliwe, na bungeni kwetu Kenya hutumika vivyo hivyo. Mmarekani akilisema neno hilohilo, anataka iwekwe kando. Kikao kizima kinaweza kukubaliana, kila mtu na lake moyoni. Kwa hiyo kabla hamjainuka, uliza waziwazi: tunaijadili leo, au siku gani?

Wasalaam,
Babako