Pingu Haziponyi Kifua Kikuu: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Kenya.

Mheshimiwa, anayekuandikia ni mtu aliyewahi kuikimbia dawa ya TB.

Mwanzoni mwa 2013 nilikuwa kondakta wa matatu ya abiria 14. Niliamka saa tisa usiku ili niwahi zamu ya kwanza. Kliniki ya kifua ilifunguliwa saa mbili asubuhi, na kondakta akikosa zamu mara mbili, kazi anapewa mwingine. Kila siku nilimeza vidonge vitatu, tumbo tupu likiungua, mkojo ukitoka mwekundu hadi nikaogopa kuutazama. Mwezi wa tatu kikohozi kilikuwa kimekwisha na mwili umeanza kurudi. Nikajiona nimepona, nikaacha.

Afisa mmoja wa afya alinipigia simu. Hakuniuliza kwa nini nimeacha. Aliniambia nisipofika tutaonana kortini, na dawa nitazimalizia ndani. Nilijua si maneno matupu, kwa kuwa habari za wagonjwa wa TB waliofungwa Kapsabet zilikuwa zimeshafika mtaani kwetu. Basi nikafanya anachofanya mtu aliyetishwa na jela: nilihama. Nilibadilisha laini ya simu, nikajibanza kwa dada yangu upande wa pili wa mji, nikapata matatu ya njia nyingine. Kikohozi kiliporudi kilinikuta huko. Nilikohoa Juni yote na Julai yote, madirisha ya gari yamefungwa kwa sababu ya baridi, abiria wamebanana magoti kwa magoti. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na miaka mitatu na tuliyelala naye chumba kimoja, alipatikana na TB. Nashukuru Mungu alipona. Mimi niliporudi hospitali, makohozi yangu yalionyesha kuwa rifampisini, dawa tegemeo ya ugonjwa huu, haikuwa inanifaa tena. Nilikuwa na TB sugu.

Kwa hiyo siandiki kutetea haki ya mgonjwa kukohoa popote apendapo. Jirani ana haki ya kuvuta hewa safi, na mimi niliivunja haki hiyo. Ninachokuomba ni sheria ambayo mgonjwa ataikimbilia badala ya kuikimbia.

Unajua yaliyotokea Kapsabet, lakini niruhusu niyarudie, maana yalifanyika kwa jina la wizara unayoiongoza. Agosti 2010 wanaume waliokuwa wameacha dawa za TB walikamatwa, wakafikishwa mbele ya hakimu, na hakimu akaagiza wakae katika gereza la Kapsabet miezi minane ili watibiwe. Hawakuwa wameiba wala kumpiga mtu. Tarehe 27 mwezi huohuo Katiba mpya ilitangazwa Uhuru Park, nchi nzima ikishangilia, wao wakiwa nyuma ya kuta. Mahakama Kuu ya Eldoret ndiyo iliyowatoa mwisho wa Septemba, wakaendelee na dawa nyumbani. Shauri hilo lilikuja kufika Nairobi kwa msaada wa KELIN, shirika linalotetea haki za afya, na tarehe 24 Machi 2016, Siku ya TB Duniani, Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu kunavunja Katiba. Aliipa serikali siku 90 iandae sera ya kuwatenga wagonjwa kwa namna inayoheshimu haki zao. Wizara ilikuja kuiandika sera hiyo, na kwa hilo ninashukuru.

Lakini sera si sheria. Afisa wa afya wa kaunti ya mbali, mwenye mgonjwa mkaidi na hakimu aliye karibu, hafungui sera kwanza. Anafungua Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika 1921 chini ya mkoloni, na macho yake yanatua kwenye kifungu cha 27. Mheshimiwa, kisome mwenyewe ukiwa umetulia. Kinamzungumzia mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza na ambaye huenda ugonjwa unakomaa ndani yake. Kinasema anaweza kutengwa kwa cheti cha afisa wa afya na amri ya hakimu, na azuiliwe mpaka afisa aone kwamba hana hatari au hakimu afute amri. Hakimtaji wakili. Hakimlazimishi hakimu kuitazama upya amri yake baada ya muda fulani. Hakimwulizi mtu yeyote kama njia nyepesi zaidi zilijaribiwa kwanza. Na hakikatazi gereza. Jaji alilazimika kutwambia mwaka 2016 jambo ambalo Bunge lingepaswa kuliandika.

Kuna kosa jingine ndani ya amri ya Kapsabet ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni ile miezi minane. Kumtenga mgonjwa na kumtibu ni mambo mawili, na kila moja lina saa yake. TB ya kawaida hutibiwa miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Lakini mgonjwa aliyepata dawa zinazomfaa na anayezimeza, hatari yake kwa wengine hupungua haraka sana, mara nyingi ndani ya wiki chache. Tunamtenga ili asiambukize. Akishaacha kuambukiza, sababu ya kumtenga imekwisha, hata kama vidonge vimebaki vya miezi minne. Anayemfungia mtu muda wote wa tiba hamlindi jirani tena. Anamwadhibu mgonjwa kwa kuacha dawa, na anaipa adhabu hiyo jina la matibabu.

Tena adhabu yenyewe inawaangukia wengine. Gereza ni chumba kilichojaa watu, hewa nzito, chakula haba, na wengi ndani wana afya dhaifu tayari. Ukitafuta mahali pa kuulea mdudu wa TB hutapata pazuri zaidi. Anayefungwa kwa wizi wa kuku anaweza kutoka na kifua kikuu ambacho hakimu hakukiandika katika hukumu yake. Askari jela anavua sare jioni, anakwenda nyumbani kwa watoto wake.

Mimi pia nilitengwa, Mheshimiwa, na hapa nataka unisikilize kwa makini kuliko pengine popote. TB yangu ilipogunduliwa kuwa sugu, nilikaa wiki saba katika chumba cha peke yangu hospitalini. Hakuna hakimu aliyeniamuru. Muuguzi aliketi nami, barakoa usoni, madirisha wazi, akanieleza mdudu amefanya nini mwilini mwangu na atamfanya nini mtoto wa dada yangu nikirudi mapema. Alinieleza nitatoka lini: makohozi yakipimwa na kuonekana safi. Dada aliruhusiwa kuja dirishani. Nilipata chakula. Muuguzi aliniuliza kodi ya nyumba analipa nani, swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, akanitafutia mtu wa kuzungumza na mwenye nyumba ili vyombo vyangu visitupwe nje. Nikatia saini mwenyewe. Mtu yuleyule aliyemtoroka afisa alikaa wiki saba bila mlango kufungwa kwa kufuli. Baadaye zilikuja sindano, miezi mingi ya sindano, na sikio langu la kushoto halikurudi kuwa lilivyokuwa. Nilizimaliza zote. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa TB sugu tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita, na ninafurahi kwamba wanaougua sasa hawatalipa masikio yao.

Najua utaniuliza: na yule anayekataa kabisa? Yupo. Ni wachache, ila wapo, na sitaki kujifanya hawapo. Ameelezwa, amepelekewa dawa hadi mlangoni, amesaidiwa nauli na chakula, na bado anakohoa sokoni. Huyo, hakimu amwamuru atengwe. Nasema hivyo bila kusita. Mji wa New York ulipokumbwa na TB sugu mwanzoni mwa miaka ya tisini, ulitumia amri kama hizo. Katika miaka miwili tangu Aprili 1993, kati ya wagonjwa zaidi ya 8,000 walioshughulikiwa, chini ya asilimia 4 ndio waliopewa amri za aina yoyote, na waliozuiliwa walikuwa na haki ya wakili na ya kusikilizwa na jaji. Waliobaki walitibiwa bila amri, wengine wakifuatwa na kumezeshwa dawa na wahudumu.

Sisi wenyewe tuliona mwaka 2020, wakati wa Korona, karantini isiyo na heshima inavyozaa watoro. Watu walizuiliwa kwa nguvu, siku zikaongezwa bila maelezo, wakaletewa bili ya kitanda na chakula walichokuwa hawakuomba. Wengine waliruka ukuta. Nilipoitazama ile picha ya watu wakipanda ukuta nilimwona kijana aliyebadilisha laini ya simu.

Peleka basi mswada Bungeni, Mheshimiwa. Kifungu cha 27 kiseme waziwazi kwamba gereza na seli ya polisi si mahali pa kumtenga mgonjwa, hata kwa usiku mmoja. Kiseme amri haitolewi mpaka afisa aeleze kwa kiapo ni njia zipi alijaribu na kwa nini zilishindikana. Mgonjwa apewe wakili kwa gharama ya serikali, na hakimu airudie amri hiyo kila baada ya wiki chache akiwa na majibu ya makohozi mezani; makohozi yakiwa safi, mtu aende nyumbani siku hiyohiyo. Bajeti nayo isimsahau aliyeachwa nyumbani, kwa sababu baba aliyetengwa huku watoto wakilala njaa atatoroka, na mimi sitamlaumu. Na kabla ya yote hayo, kliniki za kifua zifunguliwe alfajiri, au dawa ziachwe kwa mhudumu wa afya ya jamii aliye karibu na stendi. Mwaka 2013 hilo tu lingenitosha.

Kamati ya Bunge ikikaa kulijadili, niite. Nitakuja kwa nauli yangu, nieleze mbele ya yeyote nilichofanya na nilichofanyiwa. Nitaomba tu niketi mahali ambapo sikio langu la kulia litawaelekea wanaouliza.

Wako mwaminifu,
Kondakta wa zamani, aliyepona TB sugu