Waliopata kiharusi wapimwe kabla ya kurudi kwenye usukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie madereva waliopata kiharusi. Mume wangu ni mmoja wao. Ameendesha malori ya Tunduma tangu kabla hatujaoana, na Mlima Kitonga anaujua kona kwa kona. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo. Mazoezi ya viungo yamemsaidia sana: anatembea, na mkono wa kushoto sasa unashika kikombe. Macho yalipimwa, yakaonekana mazima. Lakini mezani anamaliza chakula cha upande wa kulia wa sahani, kisha anauliza mbona nimempakulia kidogo. Macho yanaona, ubongo ndio unauruka upande wa kushoto.

Na barabara zetu tunapita kushoto! Huko ndiko waliko waenda kwa miguu, abiria vituoni, wanafunzi, na bodaboda wanaojipenyeza. Leseni yake haijaisha muda na tajiri wake bado anapiga simu. Nilipouliza kama anaweza kurudi kazini, nikajibiwa ajaribu polepole. Ajaribu wapi, barabara ya Morogoro?

Abiodun Akinwuntan, mtafiti mzaliwa wa Nijeria, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, waliwagawa wagonjwa 83 wa kiharusi makundi mawili, wakawapa mazoezi ya saa 15 katika wiki 5. Kundi moja lilifanya mazoezi ya akili, kama kutambua alama za barabarani. Jingine liliendesha simuleta: gari lililosimama ndani ya chumba, barabara ikipita kwenye skrini. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha asilimia 73 ya waliotumia simuleta waliruhusiwa kuendesha tena, wenzao asilimia 42. Baada ya miaka mitano tofauti hiyo ilififia, kwa hiyo sidai ni muujiza. Mimi nataka hasa kipimo. Kwenye simuleta mtoto akitokea kushoto na dereva asimwone, hakuna anayekufa, na dereva anaonyeshwa alichokosa. Mimi mume wangu hanisikii, hilo ataliamini.

Naiomba Wizara ya Afya ianze na hospitali moja tu ya rufaa. Mtaalamu wa viungo akae na mwalimu wa udereva, watoe jibu la maandishi: anaweza, bado, au aache. Likiwa aache, mwajiri alitambue na mafao ya ulemavu yashughulikiwe mapema, maana wengi wanarudi kwenye usukani kwa sababu ya ada za watoto.

Mke wa dereva,
Kibaha, Pwani