Amana ya pango ni mali ya mpangaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowaumiza wapangaji wengi kila wanapohama, nalo ni kurudishiwa amana waliyoitoa siku walipoingia. Fedha hizi hukaa kwa mwenye nyumba kama dhamana tu, na hubaki kuwa mali ya mpangaji mpaka ithibitike kwamba anadaiwa kodi, ankara za maji na umeme, au gharama ya kitu alichokiharibu. Kwa bahati mbaya wapo wenye nyumba wanaozihesabu kuwa mapato yao tangu siku ya kwanza, wakazitumia, na mpangaji anapotoa notisi ndipo sababu za kutozirudisha zinapoanza kutafutwa.

Kwa maoni yangu, mgogoro huu huzaliwa siku ya kuingia, ingawa huonekana siku ya kuhama. Mpangaji anatia saini mkataba, analipa, anakabidhiwa funguo, na hakuna anayeandika kwamba sinki la jikoni lina ufa, kwamba kitasa cha chumba cha nyuma hakifungi, au kwamba rangi ya sebuleni imeanza kubanduka chini ya dirisha. Miaka miwili baadaye ufa ule ule unaitwa uharibifu, na anayetakiwa kuulipia ni yule anayehama. Hana cha kuonyesha. Mwenye nyumba naye, hata akiwa mkweli, hana cha kuonyesha, kwa hiyo anayeshinda ni yule aliyeshika fedha.

Afrika Kusini imelishughulikia jambo hili mapema kupitia sheria yake ya nyumba za kupanga ya mwaka 1999. Sheria hiyo inazitaka pande zote mbili ziikague nyumba pamoja kabla ya mpangaji kuingia na kuziandika kasoro zote katika orodha inayoambatanishwa na mkataba, kisha ziikague tena pamoja ndani ya siku 3 kabla ya mkataba kwisha. Mwenye nyumba asiyefanya ukaguzi huo mbele ya mpangaji huhesabiwa kuwa amekubali kwamba nyumba iko katika hali nzuri, na hawezi tena kukata fedha za matengenezo. Kama mpangaji hadaiwi chochote, amana hurudishwa ndani ya siku 7 pamoja na riba yake. Kifungu hicho cha ukaguzi nakiona cha haki kabisa, kwa kuwa kinamtwika wajibu wa kuthibitisha yule anayetaka kukata.

Suala la rangi linastahili maneno yake, maana ndilo kisingizio ninachokisikia mara nyingi kuliko vyote. Ukuta hufifia, zulia hulika pale watu wanapopita, bawaba hulegea. Huo ni uchakavu wa kawaida ambao kodi ya kila mwezi imekwisha kuulipia. Tundu kubwa lililotobolewa ukutani au mlango uliovunjwa ni habari nyingine, na mpangaji muungwana hapaswi kuukwepa wajibu huo. Hata hivyo, ukuta uliopakwa rangi miaka mingi iliyopita ulikuwa unakaribia kupakwa upya hata kama nyumba ingekaa tupu, na kumtoza anayehama gharama nzima ya rangi mpya ni kumfanya aigharamie nyumba atakayopangishwa mwingine.

Wapangaji wengi wakishaona dalili mbaya huamua kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho ili amana ifidie kodi hiyo. Naelewa kinachowasukuma, lakini nawasihi wasifanye hivyo kabla ya kukubaliana na mwenye nyumba kwa maandishi. Anayefanya hivyo huwa ndiye aliyevunja mkataba, na madai yake yote mengine hupoteza nguvu. Ni heri alipe, apige picha za kila chumba zenye tarehe, asome mita mbele ya mwenye nyumba, na asikabidhi funguo bila hati iliyotiwa saini na wote wawili.

Wapo watakaosema kwamba mwenye nyumba naye anahitaji kinga, na ni kweli, kwani wapo wapangaji wanaoondoka usiku wakiacha madeni na milango iliyong'olewa. Kinga hiyo haimlazimu kuzishika fedha hizo yeye mwenyewe. Nchini Ujerumani amana ya nyumba ya kuishi haizidi kodi ya miezi 3, na mwenye nyumba hutakiwa kuiweka benki kando ya mali yake. Uingereza na Wales, tangu Aprili 2007, zimetaka amana zilindwe na mipango iliyoidhinishwa na serikali, ambayo pia husuluhisha migogoro bila kuwalazimu wahusika kwenda mahakamani.

Mahali ambapo sheria ya namna hiyo bado haijatungwa, mkataba wenyewe unaweza kuyabeba mambo haya: orodha ya kasoro za siku ya kuingia, tarehe ya mwisho ya kurudisha amana, na sharti kwamba kila kinachokatwa kiambatane na risiti ya fundi. Nakuomba, ndugu Mhariri, gazeti lako lichapishe mfano wa orodha ya ukaguzi wa nyumba, ya ukurasa mmoja, ambayo msomaji ataweza kuikata na kwenda nayo siku ya kutia saini.

Wako,
Msomaji na mpangaji