Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: hayo maua yang'olewe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Barua zangu zilizopitia ofisini kwako hazikujibiwa, basi hii naiandika hadharani, huenda ikakufikia.

Mvua ya juzi imeingia tena sebuleni kwangu, safari hii na utando wa oili juu yake. Imefurika kutoka kwenye ile bustani ya mvua uliyoikatia utepe. Ulituahidi kwamba itayanywa maji ya barabarani na kuyachuja kabla hayajafika mtoni. Nakumbuka vizuri, maana nilipiga makofi.

Bustani yenyewe ni maua ya mapambo na ukoka. Maji yaliposimama, maua yakaoza; yaliyosalimika yakaungua kiangazi. Nani aliyachagua? Labda kuna kitalu kilichokosa wateja. Sina ushahidi, nakisia tu.

Mheshimiwa, kazi ya bustani hii hufanyika udongoni. Mmea wa pale bondeni, yaani sehemu ya chini ya bustani maji yanapokusanyika, lazima ustahimili kuzama siku nzima, kisha ukae wiki kadhaa bila tone, na uwe na mizizi mingi, myembamba, inayokwenda chini sana. Mizizi ndiyo inayoufungua udongo usizibwe na tope. Kandokando yake huishi bakteria wanaovunjavunja oili, na mmea wenyewe hufyonza naitrojeni. Metali kama zinki na risasi hunaswa na udongo. Jamii za ndago na manyasi marefu ya asili zinafaa bondeni; vichaka visivyopenda maji vikae ukingoni. Mafunjo msituletee, hayo yanataka maji ya kudumu, na bustani ya mvua inapaswa kukauka ndani ya siku mbili hivi, la sivyo mbu watazaliana. Wameshazaliana, njoo uwasikie jioni.

Halafu samadi! Mlimwaga lori zima. Samadi ikizidi, fosforasi yake husombwa na maji, kwa hiyo bustani ya kusafisha mto sasa inauchafua. Hongereni sana.

Godoro langu limeoza, makochi yananuka, na sikudai fidia. Ninachoomba ni mimea ibadilishwe kabla mvua kubwa hazijaanza. Utepe na hotuba tunawasamehe. Leteni miche inayofaa tu, Mheshimiwa, hata usiku. Jembe ninalo, na majirani wako tayari kuchimba. Mimea ibadilishwe.

Wasalaam,
Mkazi wa nyumba inayopakana na bustani yako