Safari ya Mediterania kwa meli mpya: viza, kabini, gati na bili

Tangazo la meli ya kitalii huandika bei ya mtu mmoja katika kabini ya watu wawili, tena ile ya ndani isiyo na dirisha. Ndege haimo, viza haimo, wala ada ya huduma ya kila usiku. Mteja wa Chumbageni au Muheza huzidisha mara mbili akadhani hesabu imekwisha. Haijaisha. Yafuatayo ndiyo tunayowaeleza wateja wetu wa Tanga kabla hatujapokea malipo ya awali.

Upya wa meli una bei yake

Meli za sasa ni miji inayoelea. MSC World Europa, iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza kazi 2022, ina sitaha 22 na inachukua abiria zaidi ya 6,700. Inatumia gesi asilia iliyopoozwa hadi ikawa kimiminika, kwa hiyo masizi ya moshi si kero kama kwenye meli za zamani. Vitanda vipya, soketi za kutosha, intaneti ya setilaiti inayofanya kazi katikati ya bahari: hayo yote ni kweli.

Ila meli haijui abiria 6,000 mpaka siku abiria 6,000 wapande. Majaribio ya kiwandani hupima injini na usukani, hayapimi foleni ya mayai saa 2 asubuhi. Wiki za mwanzo matatizo ni yale yale: programu ya simu ya kuwekea nafasi ukumbini inagoma, mkahawa mmoja au miwili bado umefungwa, wahudumu wenyewe wanapotea kwenye korido. Vyoo navyo huziba. Choo cha meli huvuta kwa hewa, na bomba moja hupokea kutoka vyumba vingi, hivyo jirani yako akitupa pedi au kitambaa cha kufutia mtoto, korido nzima inangoja fundi.

Kubwa kuliko hayo ni kuchelewa kwa meli yenyewe. Sun Princess ilipangwa kuanza safari 8 Februari 2024, ikabeba abiria wake wa kwanza 28 Februari. Safari ikifutwa, kampuni ya meli hurudisha nauli ya meli. Tiketi ya ndege uliyokata mwenyewe kutoka Dar ni mzigo wako. Ndiyo maana ushauri wetu, hata kama unatukosesha mauzo, ni kuacha miezi 3 ya mwanzo ya meli yoyote iwapitie wengine. Baada ya hapo bado ni mpya, rangi bado inang'aa, na vyoo vimekwisha kujaribiwa.

Viza ndiyo inayovunja safari

Mwenye pasi ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya hapo halipi. Ukinyimwa, ada hairudi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45, kwa hiyo sisi tunataka faili liwe limeingia miezi 3 kabla. Alama za vidole unazitoa mwenyewe Dar es Salaam. Weka nauli ya basi na malazi ya usiku mmoja kwenye bajeti, kwa sababu miadi ya asubuhi na basi la alfajiri kutoka Tanga havipatani.

Bima ya matibabu iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Pasi iwe na kurasa 2 tupu na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Makampuni mengi ya meli hutaka miezi 6, basi shika hiyo 6. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja aende na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na wakili.

Sasa swali linalowachanganya wengi: unaomba kwa nchi ipi? Kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa ile utakayoingilia kwanza. Chukua ratiba ya usiku 7: Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, Valletta, siku moja ya bahari, kisha Barcelona tena. Italia ina siku 3, Hispania 2, ombi linakwenda Italia. Lakini ukifika Barcelona siku moja kabla ya meli, kama tunavyoshauri, Hispania nayo inafikisha 3. Zimelingana, na kwa kuwa unaingilia Barcelona, ombi linahamia Hispania. Kulala usiku mmoja tu kumebadilisha ubalozi. Ukipeleka faili kwa nchi isiyohusika, wana haki ya kulikataa bila hata kulisoma.

Kosa la pili ni viza ya kuingia mara moja. Meli ikitoka Ugiriki ikaenda Kuşadasi, Uturuki, umetoka Schengen. Ikirudi kisiwa cha Ugiriki kesho yake, unaingia mara ya pili. Mwenye viza ya mara moja hukataliwa kwenye kaunta ya kupandia meli, hata safari haijaanza, na nauli hairudishwi. Omba viza ya kuingia mara nyingi na uambatishe ratiba ya meli kama ushahidi. Uturuki, Tunisia na Montenegro zina masharti yake zenyewe, nayo huangaliwa kabla ya kulipa, si baada.

Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso. Foleni ya mara ya kwanza ni ndefu. Ndege kutoka Dar inaunganisha Istanbul, Doha, Dubai au Addis Ababa, na ukichelewa hapo katikati meli haikungoji: upandaji hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Ile siku moja ya kutangulia si anasa.

Kabini, kwa macho ya mtu wa pwani

Kabini ya ndani ni mita za mraba 14 hadi 17 hivi. Vitanda viwili vilivyounganishwa, kabati, meza nyembamba ya kioo, na bafu ambalo ukiinama kuokota sabuni kiwiko kinagusa mlango. Soketi ni za pini mbili za duara za Ulaya, pengine na za Kimarekani, na matundu ya USB. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii, nunua adapta kabla ya kuondoka. Pasi ya nguo, jagi la umeme na hita ya kuchemshia maji hukamatwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa sababu moto ndicho kitu meli inachokiogopa kuliko dhoruba.

Mpira wa maji chooni hakuna katika kabini nyingi za kawaida. Chukua kopo dogo la plastiki au chupa yenye mdomo mwembamba, jambo ambalo hakuna tangazo litakalokuandikia.

Kibla pia. Hapa Tanga tunaelekea karibu kaskazini kabisa. Barcelona ni mashariki ikiinamia kusini, Athens ni kusini-mashariki, na chombo chenyewe kinageuka usiku kucha. Programu ya simu yenye dira inatosha, ila isogeze mbali na ukuta wa chuma. Juni jua la Barcelona huzama karibu saa 3 na nusu usiku, kwa hiyo Magharibi inagongana na chakula cha jioni. Omba zamu ya mapema. Chakula cha kujipakulia huwa na nguruwe, na kijiko cha sahani moja huhamia nyingine. Ombi la chakula halali liandikwe siku ya kuweka nafasi, kisha likumbushwe kwa msimamizi wa mkahawa siku ya kwanza. Kampuni ikijibu kwamba haina nyama halali, samaki na mboga hazikosekani.

Kuhusu mahali pa kabini: kila chombo kwa wimbile, lakini vyote huyumba zaidi omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Ni kama bembea ya ubao, katikati haipandi wala haishuki. Anayetapika kwenye boti ya Pemba achukue katikati, sitaha za chini. Omoni, mnamo saa 12 asubuhi, pangaboi za pembeni huanza kusukuma meli gatini na kitanda kinatetemeka. Usichukue kabini iliyo chini ya bwawa au chini ya mkahawa. Viti huburutwa alfajiri. Na kuna balkoni za ndani: baadhi ya meli mpya kubwa zina uwazi katikati kama kichochoro kirefu, na balkoni zinatazama huko. Kwenye risiti imeandikwa "balkoni", ukifungua mlango unamwona mzee wa ng'ambo na kaptula yake. Namba ya kabini iangaliwe kwenye ramani ya sitaha kabla ya kulipa.

Zoezi la usalama si la kukwepa

Mediterania watu hupanda kila bandari: wengine Barcelona, wengine Genoa kesho yake. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Sheria ilibadilishwa: sasa zoezi ni kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Kwenye meli mpya utatazama video kwenye simu, kisha uende kwa miguu hadi kituo chako ukaguliwe kadi. Nenda na watoto. Ishara ni honi fupi 7 au zaidi, kisha moja ndefu.

Bili

Ndani ya meli fedha taslimu hazitumiki. Kadi ya kabini inafungwa kwenye kadi ya benki, na hapa ndipo Watanzania wengi wanapokwama. Kadi ya kawaida ya akaunti hushikiliwa kiasi cha matumizi, pengine kila siku, na kilichoshikiliwa huchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya kushuka. Unajiona una fedha, mashine inasema huna. Waambie benki yako mapema kwamba utatumia kadi nje, wapandishe kikomo cha matumizi, au ulipe amana ya taslimu ya euro kwenye kaunta siku ya kwanza.

Ada ya huduma hukatwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Tukichukua euro 12, familia ya watu 4 kwa usiku 7 ni euro 336, nje ya nauli. Maji ya chupa, soda, kahawa nzuri na intaneti vinalipiwa. Vifurushi vya vinywaji vimepangwa kwa wanywaji pombe. Asiyekunywa hupata hasara, aulize kifurushi cha soda na juisi.

Gatini

Ratiba husema "Roma". Meli hufunga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka Roma. "Florence" ni Livorno, kama kilomita 90, karibu umbali wa Tanga hadi Korogwe. Hesabu saa zako: meli ikifika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 jioni, unatoka ndani saa 2, treni ya kwenda Roma inachukua saa moja na zaidi, na lazima uwe umerudi gatini saa 12. Zinabaki saa 7 hivi za mji, chagua vitu viwili tu. Ziara ya meli ni ghali, lakini basi lake likikwama meli inalingoja. Teksi yako haingojwi. Piraeus na Napoli ndizo rahisi: Athens ni safari fupi ya metro, na Pompeii ni kama kilomita 25 kutoka Napoli. Makanisani wanataka mabega na magoti yafunikwe; mtandio wa kila siku unatosha.

Watu wa Tanga tumezoea bamvua inayoacha ngalawa kwenye tope. Mediterania maji yanapanda na kushuka kidogo mno, kinachoamua ni upepo. Julai na Agosti, Meltemi hupiga bahari ya Aegea kama kusi iliyokasirika, na Mistral hushuka upande wa Marseille. Kisiwa cha Santorini, Ugiriki, hakina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua ndogo, kisha kupanda kwa gari la kamba au ngazi zaidi ya 500. Upepo ukizidi, nahodha anapita, na mkataba unamruhusu. Kinachorudishwa ni kodi ya bandari tu na ziara uliyonunua kwao. Santorini na Mykonos pia zinatoza euro 20 kwa abiria kuanzia Juni hadi Septemba, tangu 2025. Uliza kama imo kwenye nauli.

Likizo ya shule ya Juni inawafaa wenye watoto. Asiye na watoto achukue Mei au mwisho wa Septemba, joto limepungua na upepo umetulia. Mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla ya siku ya kushuka hapandishwi na makampuni mengi, na mtoto mchanga awe ametimiza miezi 6.

Usiku wa mwisho mabegi hutolewa koridoni kabla ya saa 6 usiku, yakiwa na lebo za rangi. Bakiza nguo za asubuhi, dawa, chaja na pasi mkononi. Bili huonekana kwenye programu ya simu. Ikague usiku huo huo, kwani foleni ya malalamiko asubuhi ni ndefu na kaunta hufungwa ukiwa bado unaongea. Ndege ya kurudi usiikate kabla ya saa 7 mchana.