Shukrani kwa kijana wa Kaboya

Kaka uliyetukuta Julai 25, Siku ya Mashujaa, kwenye makaburi ya Kaboya, Muleba: jina lako sikuuliza, nisamehe. Mama macho yake hayaoni vizuri tena, na makaburi yale ni safu kwa safu. Ulimshika mkono ukamwita bibi, ukamsomea jina moja baada ya jingine hadi ukafika la baba, aliyeondoka nyumbani mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, asirudi. Ukapiga magoti, ukafuta vumbi kwa leso yako mwenyewe. Mama hakuwahi kuligusa kaburi lile. Akaweka kiganja juu ya jina, akakaa hapo muda mrefu, nawe ukamshikia mwavuli kimya. Anakutaja kila jioni. Ahsante sana, kaka.