Ununuzi wa dharura wa mifugo uanze mapema

Kwa Mhariri,

Sisi wafugaji wa Kajiado tunashukuru kwamba ukame ukizidi, serikali hutununulia mifugo na kutugawia nyasi. Shida ni kwamba msaada huo hutukuta ng'ombe wamebaki mifupa. Naomba fedha hizo za dharura zitoke wakati ng'ombe bado anaenda sokoni kwa miguu yake.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulitunyima mvua misimu mitano mfululizo. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa Septemba 8, 2021, na hadi ulipokwisha 2023, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa nchini. Mimi nilikuwa na ng'ombe 34. Nilibaki na 9.

Hawakufa kwa siku moja. Ng'ombe aliyedhoofika hulala jioni, asubuhi akashindwa kusimama. Mnamwinua wanaume watano, miti miwili imepitishwa chini ya tumbo, mmoja ameshika mkia. Anasimama akitetemeka, anakula konzi ya nyasi mkononi mwako. Kesho yake mnamwinua tena. Siku ya nne hata shingo hainyanyui, nawe unaenda kutafuta kisu ili angalau upate ngozi. Lori la wanunuzi lilipofika kijijini kwetu nilikuwa na watatu wa kuuza, na mmoja alifia palepale akipandishwa.

Na dalili zilikuwa zimeonekana zamani. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kuhusu kaunti 23 kame, ikisema tuko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Maofisa wake hufuatilia malisho, umbali wa kufuata maji, hata bei ya mbuzi sokoni. Mbona basi ununuzi usianze kwenye tahadhari? Wakati huo ng'ombe ana nyama ya kuchinjwa kiwandani Athi River, na mfugaji anapata pesa za kuwanunulia nyasi wale anaobaki nao kabla robota halijapanda bei.

Bima ya mifugo iliyoanzishwa na serikali Turkana na Wajir mwaka wa 2015 ilifuata njia hiyo. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa mfugaji hulipwa, hahitaji kuonyesha mzoga. Kama bima inaweza kulipa kwa kutazama nyasi, hazina ya dharura nayo inaweza.

Nyasi za msaada nazo zipewe kwanza majike wanaozaa. Hapa nasisitiza, kwa sababu nimeona marobota yakigawanywa sawasawa kwa kila boma, mawili mawili, yakaisha kwa siku mbili bila kuokoa hata ndama. Ng'ombe wetu wa kienyeji huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Aliyepoteza majike wake 2022 bado anangoja maziwa ya watoto.

Wabunge wetu wa kaunti kame waifikishe hoja hii bungeni kabla ya bajeti ijayo, na iandikwe wazi kwamba taarifa ya mwezi ikisoma "tahadhari", fedha za ununuzi na za nyasi zitolewe bila kungoja tangazo la Rais.

Mfugaji,
Kajiado